Nyongeza Iko Ndani ya Mizani

Mativo alikuwa mtu wa kinyaa. Si kile kinyaa cha maringo cha watu wanaoziba pua wakipita karibu na wenzao, la. Chake kilikuwa cha tumboni kabisa. Akiona uchafu, tumbo linajikunja. Akiona mtu anaibiwa, tumbo linajikunja vilevile, na hakuwahi kuona tofauti ya hayo mawili. Mtaa mzima wa Mbotela ulimwita Bwana Safi, wengine kwa heshima, wengine kwa kumcheka, naye aliwaitikia wote.

Kinyaa hicho alikitoa kwao Wamunyu, Ukambani, kwa baba yake mchonga vinyago. Mzee akichonga twiga na mti ukapasuka, hakuutupa. Aliujaza ufa kwa unga wa mbao na gundi, akapaka rangi ya viatu juu yake, akasugua kwa kitambaa mpaka mtalii anunue huku anatabasamu. Mativo aliutazama ule ufa ukimezwa na rangi, akaenda nyuma ya nyumba kutapika. Mzee akadhani ni malaria, akamnunulia dawa.

Kwa hiyo kuchonga alikataa, akaja Nairobi, akaajiriwa na Dishon, mwenye bucha mwisho wa safu ya maduka pale Mbotela. Huko ndiko alikojifunza kukata nyama, na mambo mengine ambayo hakuyaomba. Jamani, bucha ya Dishon! Nyama iliyoanza kuharibika ilipakwa damu mbichi ing'ae upya. Maini yalilala kwenye karai yakinywa maji, yakauzwa na maji yake. Na kidole gumba cha Dishon, kinono, chenye ukucha mweusi, kililala kwenye sahani ya mizani kila alipopima, kama paka aliyejipatia mahali pake. Mama anasema, "Niangalizie vizuri, baba," Dishon anacheka, anamuuliza habari za watoto, kidole kimelala tu. Akimaliza anachukua mfupa mmoja mkubwa wa kutisha macho, anautupia juu ya nyama. "Na hii ni nyongeza yako, mama!" Mama huyo anaondoka akimwombea baraka. Umwibie mtu nyama halafu akuombee baraka! Mativo alivumilia kwa sababu alikuwa na tumbo la kulisha, lakini hilo tumbo lenyewe lilikuwa halivumilii.

Sasa, hiyo nyongeza lazima uielewe, maana ndiyo iliyomponza. Serikali ilikuwa na sheria zake, lakini sheria ya kweli ya Mbotela ilikuwa nyongeza. Ukinunua sukuma, unaongezewa majani mawili. Ukinunua nyama, baada ya kupima unaongezewa kipande: mafuta, utumbo, mfupa, chochote. Muuzaji asiyeongeza ni mchoyo, ana mkono wa birika, hata kama kilo yake ni kilo ya mbinguni. Hakuna mteja aliyeondoka bila kusema lile neno: "Na nyongeza?"

Mativo aliweka akiba kidogo kidogo mpaka akapata duka lake mwenyewe katika safu ileile, duka la kanjo, yaani baraza la jiji, la kukodi. Ilikuwa miaka ya sabini ikielekea mwisho. Wakati huo mwenye bucha alikuwa na sheria kutoka utosini hadi unyayoni. Bei ya nyama ilipangwa na serikali na lazima ibandikwe ukutani. Dirisha liwe na wavu wa kuzuia nzi. Koti liwe jeupe. Paja la ng'ombe liwe na muhuri wa daktari wa mifugo. Na mizani, pamoja na mawe yake ya kupimia, ipelekwe kila mwaka kukaguliwa na kugongwa muhuri. Wenzake waliziona sheria hizo kuwa miiba. Mativo aliziona kuwa sabuni. Alizipenda, alizitimiza zote, na jioni alisugua gogo la kukatia nyama kwa chumvi na maji moto mpaka mkewe Koki akamuuliza kama analala nalo.

Lakini nyongeza ilimchosha. Wafanyakazi walitoka Industrial Area kwa miguu, wamechoka, wakapita kununua robo, na kila robo ikaja na kesi yake. "Huyu umempa mafuta, mimi unanipa mfupa?" "Hii ni nyongeza au ni ya kumpa paka?" Aliyepiga kelele kuwashinda wote alikuwa jirani yake Asenath, mama wa kutoka Kakamega ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Truphena. Asenath alikuwa na moyo mzuri na mdomo usio na mlango.

Jumamosi moja wanawake wawili waligombania kipande kimoja cha mafuta pale kaunta. Huyu anavuta, huyu anavuta. Mafuta yakawaponyoka, yakaanguka sakafuni, mmoja akayaokota, akayapuliza, akayatia kikapuni. Mativo aliyaangalia yale mafuta yenye vumbi na unywele mmoja juu yake, tumbo likajikunja. Watu wazima wanaombaomba kama vifaranga! Na yeye anarusha vipande kama anayelisha kuku! Aliona aibu kwa niaba yao na yake.

Jioni hiyo alichukua kichuma cha mviringo chenye tundu katikati, aina ya vichuma ambavyo mafundi wa magari hutupa ovyo, akakifunga kwa waya chini ya sahani ya mizani. Lakini si sahani ya nyama. Alikifunga chini ya sahani ya mawe. Maana yake, ili mizani isimame sawa, nyama ilibidi izidi mawe. Kila mteja angepata kilo yake na kipande juu yake, bila kuomba, bila kubembeleza, mkubwa na mdogo sawasawa.

Kesho yake Asenath aliponyoosha mkono na kusema, "Na nyongeza?" Mativo alisimama wima katika koti lake jeupe.

"Mama Truphena, kuanzia leo hapa hakuna kuombaomba. Nyongeza iko ndani ya mizani."

"Ati iko wapi?"

"Ndani. Nimeshaiweka. Huna haja ya kuomba wala kutazama. Chukua nyama yako uende ukapike."

Asenath aliipima nyama kwa mkono, akaiona nzito, akapiga kigelegele pale pale. Mtaa ukajua. Watu wakaanza kutoka Makadara, wengine Mukuru kwa Njenga, kuja kwa yule Mkamba ambaye nyongeza yake iko ndani. Na unajua kilichofuata? Watu waliacha kutazama mizani. Wanapanga foleni, wanaipa kaunta mgongo, wanapiga domo, wanasema tu "nusu kilo, Bwana Safi," wanapokea. Mativo aliona hilo kuwa heshima kuu kabisa. Kichwa kilimvimba, tuseme ukweli.

Koki hakupenda. Koki alikuwa mke wa maneno machache, na machache hayo yalikuwa na ncha.

"Baba Maingi, kile kichuma kitoe."

"Kwa nini? Namwibia nani? Ninayekula hasara ni mimi."

"Kama ni kisafi hivyo, mbona siku ya kupeleka mizani kugongwa muhuri unakifungua kwanza?"

Kweli Mativo alikifungua, akakitia mfukoni, akakirudisha baada ya muhuri.

"Serikali haijui mambo ya nyongeza," akasema. "Ningewaeleza mpaka jua litue."

"Basi kama huwezi kuwaeleza, kitoe," Koki akasema, akaendelea kuchambua maharagwe.

Hakukitoa. Alisema hakuna sheria duniani inayomfunga mtu kwa kutoa.

Mkaguzi wa mizani aliyekuwa akipita mitaa ile aliitwa Javan. Alikuwa na sanduku dogo la mawe ya shaba, mazuri, yanayong'aa, ambayo nadhani hayakuwahi kuona jua zaidi ya mara mbili tatu. Javan hakukagua mizani, alikagua mbavu. Alikaa kwenye benchi la Dishon, sanduku miguuni limefungwa, akachomewa, akala, akalamba vidole kimoja kimoja, akaondoka. Na kidole kile kinono cha Dishon kikaendelea kulala mahali pake kwa amani.

Siku moja aliingia kwa Mativo, akaketi bila kukaribishwa.

"Nichomee mbavu, bwana. Na kachumbari, pilipili kwa wingi."

"Hapa hatuchomi," Mativo akajibu. "Ukitaka mbichi napima, bei iko ukutani."

Javan alicheka, akadhani ni mzaha. Alipoona si mzaha, uso ukamkauka. Akainuka, akaigusa mizani kwa ncha ya kidole, na kidole chenyewe kilikuwa na mafuta ya kwa Dishon. Kiliacha alama kwenye chuma.

"Mizani nzuri hii," akasema. "Nitarudi kuisalimia."

Alipotoka, Mativo aliisugua ile alama kwa sabuni, akaisugua tena. Usoni mwa mtu kama yule, alimwambia Koki, unaweza kukaangia chapati. Koki hakucheka. Alimwambia, "Leo kitoe," na Mativo akasema akikitoa sasa itaonekana amemwogopa yule mlafi. Hivyo ndivyo kiburi kinavyovaa koti jeupe.

Javan alirudi Jumamosi, foleni imefika barazani. Safari hii sanduku lilifunguliwa. Alitoa mawe mawili ya shaba yaliyo sawa, akaweka moja huku na moja huku. Mizani ikainama upande mmoja, ikatulia hivyo. Javan akapeleka mkono chini ya sahani, akapapasa, akakuta waya, akakivuta kile kichuma na kukiinua juu watu wakione.

"Hii ni nini, Bwana Safi?"

"Ni nyongeza," Mativo akasema, na hapo hapo akasikia jinsi neno hilo linavyosikika mbele ya mawe ya shaba. Akaeleza. Kiko upande wa mawe, si upande wa nyama, kinamwongezea mteja. Javan alisikiliza huku anatikisa kichwa kwa furaha. Kisha akamsogelea sikioni, pumzi yake ya vitunguu ikamgonga Mativo puani.

"Naelewa, ndugu yangu. Mimi ni mtu wa kuelewa. Tufungue huu waya, tuchome zile mbavu, tusahau. Au unataka shida?"

Hebu fikiria! Mlango ulikuwa wazi kabisa. Mbavu tu. Wangapi wangekataa? Lakini Mativo aliangalia ile midomo, akaona mafuta yaliyoganda kwenye pembe zake, tumbo likapinduka.

"Nishtaki," akasema kwa sauti, watu wote wakasikia. "Nishtaki, na utoke dukani kwangu."

Javan akamshtaki. Mizani ikachukuliwa, duka likafungwa. Mativo hakuwa na hofu. Alijiona amesimama upande wa haki, na alikuwa na mashahidi mtaa mzima. Siku ya kesi walijaa mahakamani wakiwa na nguo za kanisani. Asenath aliapa kwa Biblia kwa sauti ambayo ilimwamsha karani.

"Kilo ya huyu ni kilo na zaidi," akasema. "Hajawahi kuniibia hata ukucha wa nyama."

Hakimu, mzee mwenye miwani na sauti ya kuchoka, akamtazama. "Ulijuaje kwamba ni zaidi?"

"Si alituambia mwenyewe?"

"Uliwahi kutazama chini ya sahani?"

"Nitazame nini, mheshimiwa, na ni mtu wetu?"

Watu wakacheka. Hakimu hakucheka. Akamgeukia Mativo.

"Mkaguzi amekubali kwamba kichuma kilikuwa upande wa mawe. Kwa hiyo hukuwapunja, na nitalikumbuka hilo. Lakini mizani ina kazi moja tu, kusema kweli. Yako ilikuwa inasema uongo."

"Uongo wa kuwasaidia, mheshimiwa."

"Ni uongo. Mteja haoni chini ya sahani, ndiyo sababu sheria inatazama kwa niaba yake. Wewe umewafundisha watu kununua bila kutazama. Leo umesimama wewe nyuma ya kaunta. Kesho je?"

"Sheria hii ni ya wezi," Mativo akasema, damu imempanda. "Mimi si mwizi."

"Sheria haina macho ya kujua nani ni mwizi, bwana. Inaona mizani tu."

Akatozwa faini. Akaambiwa duka litabaki limefungwa mpaka alete mizani mpya iliyogongwa muhuri, na kwamba akionekana tena na kosa kama hilo leseni itafutwa, duka lirudi kwa kanjo apewe mwingine. Mativo alitoka mahakamani akitema mate. Aliona ametupwa kapu moja na wanaopaka nyama damu. Alikula chakula shingo upande, alilala akiwa amegeukia ukuta. Koki alimwacha anune. Hakumwambia "nilikwambia", na hilo lilimuuma kuliko kama angemwambia.

Mizani mpya ilichelewa. Huku dukani kwake kufuli likishika vumbi, watu walihitaji kula, na hakuna wa kuwalaumu. Walikwenda kwa Dishon.

Jioni moja Mativo alikuwa amekaa barazani mbele ya kufuli lake, Asenath akapita na kifurushi cha gazeti. Leso ya mtoto mgongoni ilikuwa imelegea, akampa Mativo kifurushi amshikie afunge vizuri. Mkono wa mtu aliyekata nyama miaka hiyo yote haudanganyiki. Mativo alikiinua, akakishusha, akakiinua tena.

"Mama Truphena, hii ni nini?"

"Kilo. Huoni?"

"Nani amepima?"

"Dishon. Wacha nikwambie, siku hizi amebadilika kabisa! Hata yeye nyongeza iko ndani ya mizani. Ameandika kwa chaki mlangoni."

Mativo akamtazama usoni. "Ulitazama akipima?"

"Nitazame nini?" Asenath akasema, akachukua kifurushi chake. "Wewe si ndiye uliyesema hakuna haja?"

Mativo aliinuka, akatembea safu nzima ya maduka bila kumsalimia mtu. Asenath alimwona uso wake, akamfuata, mtoto mgongoni, nyama mkononi.

Mlangoni kwa Dishon palikuwa pameandikwa kwa chaki, herufi kubwa: NYONGEZA IKO NDANI YA MIZANI. Maneno yake mwenyewe! Ndani foleni ilikuwa ndefu, na watu wote, wateja wake wote, walikuwa wameipa kaunta mgongo, wanapiga domo. Hakuna hata mmoja aliyekuwa akiangalia. Kwenye benchi, sanduku la shaba miguuni, Javan alikuwa anaguguna mbavu. Kidole gumba cha Dishon hakikuwa tena kwenye sahani. Kilikuwa kimestaafu.

"Karibu, mwalimu wangu!" Dishon akapaza sauti.

Mativo alizunguka kaunta, akaishika ile sahani ya nyama, akaiinua na kuipindua. Chini yake kulikuwa na kichuma cha mviringo, kikubwa maradufu ya kile chake, kimefungwa kwa waya. Kimefungwa upande wa nyama. Kila kilo iliyotoka mlangoni humo ilikuwa imepungua uzito wa chuma kile, na watu wakaipokea wakishukuru.

"Mayi wee!" Asenath akasema.

Dishon hata hakuona haya. Alipangusa kisu chake kwenye aproni iliyokakamaa kwa damu kuukuu. "Niliandika nyongeza iko ndani," akasema. "Sikuandika ni ya nani."

Kelele iliyozuka hapo sina haja ya kuieleza. Waliokuwa wamenunua walirusha vifurushi kaunta, waliokuwa hawajanunua wakaanza kukumbuka nyama zote walizokula tangu mwezi jana. Javan alijaribu kuinuka polepole atoke, mbavu bado iko mdomoni, lakini Asenath alimzibia mlango.

"Bwana Mkaguzi, unaenda wapi na sanduku? Si kazi yako ndiyo hii iko hapa?"

Watu wakamgeukia. Javan akaitoa mbavu mdomoni, akakosa pa kuiweka, akaitia mfukoni mwa koti lake. Akafuta mikono kwenye suruali. Kisha, kwa kuwa hakuwa na njia, akafungua sanduku na kuyatoa yale mawe ya shaba kwa vidole vya mafuta, yakawa yanamponyoka, na akaichukua mizani ambayo chini ya kivuli chake alikuwa akila muda wote huo. Mativo alimtazama kwa kinyaa. Lakini moyoni alikuwa na furaha kidogo. Sasa wameona, alijiambia. Sasa wataijua tofauti yangu na huyu. Akageuka kuwatazama watu wake, akingoja neno zuri.

Asenath alikuwa amesimama mbele yake. Hakuwa anapiga kelele tena, na Asenath asiyepiga kelele alikuwa kitu cha kuogofya.

"Na wewe?" akasema.

"Mimi nini?"

"Mimi niliapa kwa Biblia kwa ajili yako, Mativo." Hakumwita Bwana Safi. "Nilivaa nguo za kanisani. Sasa niambie mbele ya hawa watu. Chako kilikuwa upande gani?"

"Upande wa mawe!" Mativo akasema. "Mnajua! Mkaguzi mwenyewe alikiona, akamwambia hakimu."

"Mkaguzi gani?" Asenath akauliza. Akamwonyesha Javan, midomo inang'aa, ncha ya mbavu imechungulia mfukoni. "Huyu? Huyu ndiye shahidi wako?"

Mativo akaitazama ile ncha ya mbavu.

"Mimi sikuona," Asenath akaendelea. "Mama huyu hakuona. Yule hakuona. Tulikuwa tumekupa mgongo, kama tulivyompa huyu. Ni wewe uliyetuambia tusitazame."

Hakuna aliyemtetea. Walimtazama kwa macho yaleyale waliyomtazamia Dishon, na baadhi yao, aliona wazi, walikuwa wanakumbuka nyama za kwake pia, wanazipima upya vichwani. Alitoka nje, akashika ukuta wa duka la jirani, akatapika. Safari hii hapakuwa na uchafu wa mtu mwingine wa kusingizia.

Mizani mpya ilipofika, aliipeleka kugongwa muhuri bila kichuma mfukoni. Alichagua ile ya kuning'inia, sahani zake zimeshikwa kwa minyororo hewani, chini yake hakuna kitu ila hewa. Aliitundika mbele kabisa, upande wa mteja. Kilo ikawa kilo, wala si zaidi. Baada ya kupima, alikata kipande kwa kisu, mteja akiona, akakiweka juu kwa mkono wake. Sheria ikapata chake na Mbotela ikapata chake. Koki alitazama akasema, "Kumbe ilikuwa rahisi hivyo," akarudi zake ndani.

Wateja walirudi wachache wachache. Asenath alichelewa, lakini alikuja. Foleni ikampisha. Hakusema habari wala hujambo. Aliweka kikapu chini, akaichukua sahani ya kwanza, akaiinua, akapitisha kiganja chake chote chini yake, polepole, kama anayempapasa mtoto kuona kama ana homa. Akaishika ya pili, akafanya vilevile. Mativo alisimama na kisu mkononi, koti lake jeupe, gogo lake limesuguliwa kwa chumvi, watu wote wanatazama.

"Haya," Asenath akasema. "Kilo moja."

Akapima. Akakata kipande cha mafuta, akakiweka juu.

Asenath alinunua nyama kwake miaka mingi baada ya hapo. Walizikiana wazazi, walichangiana karo, Truphena alipoolewa ng'ombe wa harusi alichinjwa na Mativo. Lakini kila alipoingia dukani, kabla ya kusema anataka nini, aliinua sahani zote mbili na kupapasa chini. Kila mara tumbo la Mativo lilijikunja, na hakuwahi kumwambia aache. Asenath alipozeeka na magoti yakamsumbua, mikono haifiki, Mativo alizunguka kaunta, akazishusha sahani mwenyewe, akamgeuzia aone.